Seva Ndani ya Kopo la Dawa

Mashua ya kwenda Mfangano haiondoki Mbita mpaka ijae, na asubuhi ile ilijaa magunia ya unga, kreti za soda, godoro moja na mama aliyewapakata kuku wawili. Mzigo wangu ulikuwa mdogo kuliko yote: flashi ya GB 16, niliyoitia ndani ya kopo tupu la dawa na kulikaza kifuniko ili maji ya ziwa yasiifikie. Ndani ya flashi hiyo mlikuwa na seva nzima ya kliniki. Ile iliyokuwa kisiwani ilikuwa imekufa wiki hiyo, stima ilipopotea usiku wa radi na kurudi kwa kishindo.

Nimefanya kazi ya kompyuta za hospitali na zahanati za Migori na Homa Bay kwa miaka mingi, na kila ninaposema kwamba kazi yangu ni kutengeneza ISO, watu hudhani naongea habari za viwango vya ubora. Leo nataka kueleza ISO ni nini, inajengwaje, na kwa nini naamini kaunti zetu mbili zinapaswa kujua kuijenga kwa mikono yao zenyewe.

Nianze na kliniki. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Homa Bay ilikuwa na kiwango cha juu kuliko kaunti zote cha watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi, asilimia 19.6. Migori ilikuwa na asilimia 13. Miaka sita kabla ya hapo, uchunguzi uliofanywa Ndhiwa ulikuta asilimia 24.1, yaani karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne. Ndiyo maana mambo mengi ya tiba hii yalianzia kwetu. Madaktari Wasio na Mipaka walifika Homa Bay mwaka 1996, na kufikia 2001 hospitali ya mji ule ilikuwa ikitoa ARV bila malipo, wakati ambapo sehemu kubwa ya Kenya bado ilizika.

Dawa hizo hunywewa maisha yote, na mtu wa kutumia dawa maisha yote anahitaji kumbukumbu ya maisha yote. Nani amechukua dawa za miezi mitatu, nani hajarudi, kipimo cha wingi wa virusi kimesema nini, mtoto wa nani amefikisha wiki sita na hajapimwa. Zamani haya yote yalikaa kwenye kadi na madaftari ya Wizara ya Afya, na kadi ya kijani bado ipo mpaka leo. Lakini kituo chenye wagonjwa elfu mbili au tatu hakiwezi kupekua kadi zote kila Ijumaa jioni kumtafuta mmoja aliyepotea. Kompyuta hufanya hivyo kwa sekunde chache, na karani wa CCC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, anapata orodha ya watu wa kupigiwa simu kabla hajanywa chai.

Programu inayofanya kazi hiyo katika vituo vyetu vingi ni KenyaEMR. Mizizi yake ni OpenMRS, programu huria iliyoanza kuandikwa mwaka 2004 na wataalamu wa Indianapolis na Boston kule Marekani wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, na ambayo kituo chake cha kwanza kuitumia kilikuwa Eldoret mwaka 2006. Hapo kabla, tangu 2001, kituo cha afya cha Mosoriot kilikuwa na mfumo wake mdogo wa kompyuta. Kwa hivyo msomaji asidhani kwamba tuliletewa kitu hiki kimeshaiva. Kiliivia Bonde la Ufa kwanza. KenyaEMR yenyewe ilianza kusambazwa mwaka 2012 na shirika la I-TECH la Chuo Kikuu cha Washington pamoja na Wizara, na katika miaka michache ilikuwa imefika katika vituo zaidi ya 300.

Sasa fikiria kuifikisha. Seva ya zahanati kwa kawaida ni kompyuta ya mezani tu, imewekwa kwenye kona ya chumba cha kumbukumbu, ina UPS pembeni na waya unaokwenda kwenye ruta. Ili iwe seva, unaweka Ubuntu. Kisha unaweka Java, tena toleo lile lile linalotakiwa. Kisha Tomcat. Kisha MySQL, na mipangilio yake ya kumbukumbu. Kisha faili la OpenMRS, moduli zake moja moja, hifadhidata tupu iliyobeba kamusi ya istilahi za tiba, ratiba ya nakala za akiba za kila usiku, anwani ya mtandao wa ndani. Mara za kwanza nilikuwa nikiyafanya haya kwa kusoma karatasi huku nikinunua data kwenye simu. Muhuru Bay, mahali simu inakaribishwa na mtandao wa Tanzania kabla ya ule wa Kenya, niliwahi kukaa siku mbili nikisubiri vifurushi vishuke, navyo vinakatika katikati na kuanza upya. Na kila seva ilitoka tofauti kidogo na mwenzake. Ya Macalder ina nywila ya aina hii, ya Awendo ina folda mahali pengine, ya Kehancha saa yake iko nyuma. Fundi mwingine akiitwa kutengeneza, hajui aanzie wapi.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. ISO ni faili moja lililobeba diski nzima: kila folda, kila programu, na kile kipande kidogo cha mwanzo kinachoiambia kompyuta iliyolala iamke na ianzie hapa. Jina limetokana na kiwango cha kimataifa cha mwaka 1988, ISO 9660, kilichopanga jinsi data inavyolazwa juu ya CD. Mwaka 1995 kampuni za Phoenix Technologies na IBM zikaongeza utaratibu wa kuifanya CD iweze kuamsha kompyuta, zikauita El Torito, na husimuliwa kwamba hilo lilikuwa jina la mkahawa. CD zenyewe karibu zimetoweka. Siku hizi hatuchomi kitu, tunaandika kwenye flashi. Jina la ISO limebaki.

Ubuntu ilitoka mara ya kwanza tarehe 20 Oktoba 2004, ikiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, ukijaza fomu walikutumia CD kwa posta bila kulipa senti. Yangu ya kwanza ilifika kwa njia hiyo. Niliigeuza mkononi nikasoma jina, na kwa mtu aliyekulia katika Kiswahili halikuhitaji tafsiri: ubuntu ni utu. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Nilipoyaona hayo mawili nikajua kwamba kitu hiki kinaruhusu kufunguliwa, na kwamba asiye mwenyeji wa California naye anaweza kukifungua.

Kuifungua ISO kwenyewe kuna njia mbili, na mimi hutumia zote pamoja.

Njia ya kwanza ni kujibu maswali mapema. Kisakinishi cha mfumo wowote huuliza: lugha gani, kibodi gani, saa za wapi, diski igawanywe vipi, mtumiaji ataitwa nani. Unaandika majibu yote kwenye faili la maandishi ya kawaida na kulitia ndani ya ISO. Debian wamekuwa na utaratibu huo kwa muda mrefu, na Ubuntu ya seva ina wake, rasmi tangu toleo la 20.04 la Aprili 2020. Saa nimeweka Africa/Nairobi, na swali hilo halimsumbui tena mtu yeyote kutoka Rongo hadi Sindo. Faili hilo ni jepesi lakini lina wivu: ukikosea nafasi mbili mwanzoni mwa mstari mmoja, kisakinishi kinakataa lote. Tena lina hatari. Ukiongeza neno moja kwenye mstari wa kuamshia, kisakinishi hakiulizi chochote; kinafuta diski iliyo mbele yake na kuendelea. Wapo mafundi wanaopenda hivyo kwa sababu ya kasi. Mimi swali la mwisho, lile la kuthibitisha, sijaliondoa na sitaliondoa. Flashi ikisahaulika kwenye mashine isiyohusika, swali hilo ndilo pekee linalosimama kati ya mashine hiyo na miaka kumi ya kumbukumbu za wagonjwa.

Njia ya pili ni kuingia ndani kabisa. Katikati ya ISO ya Ubuntu kuna mafaili makubwa yaliyobanwa kwa namna iitwayo squashfs. Huko ndiko mfumo unakokaa, umekunjwa kama hema. Unaukunjua kwenye folda ya kompyuta yako. Kisha, kwa amri moja, unaingia humo, na kuanzia hapo kila unachofanya unakifanyia mfumo ule uliokunjuliwa, si kompyuta yako. Ni kama kupanga nyumba ya mtu kabla hajahamia. Unaweka Java. Unaweka MySQL. Unaondoa michezo na programu ambazo karani hatazitumia. Ukimaliza unafagia: masalio ya vifurushi, historia ya amri, mafaili ya muda. Unatoka, unaubana tena, unaandika upya orodha ya vilivyomo na alama zake za uthibitisho, na programu iitwayo xorriso inavifunga vyote kuwa ISO mpya. Ipo programu ya madirisha, Cubic, inayokushika mkono katika hatua hizi, na kwa anayeanza naipendekeza.

Halafu unaijaribu ndani ya kompyuta ya kufikirika, inayoigizwa na programu tu, ambayo ikiharibika hakuna anayelala bila dawa. Mara ya kwanza haitawaka. Ya pili itawaka na kusimama njiani. Mimi ilinichukua wiki tatu za jioni, nyumbani Homa Bay, mpaka kioo kikaonyesha ukurasa wa kuingilia wa KenyaEMR bila mimi kugusa chochote katikati. Nilimwita mke wangu aje aone. Aliona mistari miwili ya kujaza jina na nywila, akanipongeza hivyo hivyo.

Kosa kubwa nililofanya lilikuwa katika kufagia. Kila mfumo wa Linux una namba yake ndefu, kama ya kitambulisho, inayoandikwa unapowekwa mara ya kwanza. Mimi niliijenga ISO yangu nikaisahau namba hiyo ndani. Kila mashine iliyozaliwa kutokana na ISO ile ikazaliwa na kitambulisho kimoja. Katika kituo kimoja nilichokihudumia, kompyuta mbili za chumba kimoja zilikuwa zikiomba anwani kwa ruta kwa kutumia namba hiyo, na ruta kwa haki kabisa ikazipa anwani moja, maana kwa macho yake walikuwa mtu mmoja. Mmoja akiingia, mwingine anatupwa nje. Sista alikuwa anapoteza ziara ya mgonjwa katikati ya kuiandika, anarudia, inapotea tena. Nilibadilisha waya, nikabadilisha ruta, nikalaumu panya. Ilikuwa siku ya nne nilipoziweka skrini mbili sambamba na kuona namba zile zinafanana herufi kwa herufi. Mgonjwa mmoja alikuwa ameketi benchini tangu saa moja asubuhi. Tangu siku hiyo mstari wa kwanza wa orodha yangu ya kufagia ni huo, na wa pili ni funguo za siri za kuingilia kwa mbali, ambazo nazo kila mashine inapaswa kujitengenezea yenyewe.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ninalolishikilia zaidi ya mengine yote. Njia rahisi kuliko zote ya kutengeneza ISO ni kuichukua seva inayofanya kazi na kuinakili nzima ilivyo. Usifanye hivyo. Seva inayofanya kazi ina majina. Ina namba za CCC, zile tarakimu kumi ambazo tano za mwanzo ni za kituo na tano za mwisho ni za mtu. Ina namba za simu, ina majina ya wenzi. Flashi huazimwa, hupotea kwenye matatu, hukutwa mezani kwenye saiba. Katika miji midogo kama yetu, ambako kila mtu anamjua shangazi wa kila mtu, jina moja likitoka kwenye orodha hiyo ndoa inaweza kuvunjika kabla ya jua kuchwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Novemba 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na ni vyema iwe hivyo, lakini hata bila sheria ISO inapaswa kuwa tupu kama daftari jipya. Data ya wagonjwa inasafiri peke yake, imefungwa kwa nywila, na haikai flashi moja na mfumo.

Mashine zenyewe nazo zina lao. Nyingi zilikuja kwa misaada, zimeshatumika ofisini Ulaya au Nairobi, na betri ile ndogo ya duara inayotunza saa imeshakufa. Ikizimwa, ikiwashwa, tarehe imerudi miaka mingi nyuma. Kwa mtu wa kawaida hilo ni usumbufu tu. Kwa kliniki maana yake ni kwamba mgonjwa wa leo ameandikwa kutibiwa kabla hajazaliwa. Niliongeza kwenye ISO kipande kidogo kinachokataa kuiwasha KenyaEMR kama tarehe ya mashine iko nyuma ya nakala ya akiba ya mwisho. Betri mpya si ghali. Kilichokuwa ghali ni kutojua kwamba imekufa.

Ukubwa pia nauchunga. ISO ya Ubuntu 24.04 ya mezani imezidi GB 5 na haiingii tena kwenye DVD ya kawaida. Yangu nimeibana isifike 4, kwa sababu flashi nyingi huja zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, usiokubali faili moja lizidi GB 4, na sitaki karani wa Nyatike akwamishwe na jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Mfangano tulifika saa nne. Sista alikuwa ameshaanza kuandika kwa mkono, na foleni ilifika mpaka chini ya mti. Nilichomeka flashi kwenye kompyuta ya akiba, nikathibitisha kwamba ndiyo, diski hii ifutwe, nikakaa. Swali pekee nililoliacha wazi, mbali na lile, ni namba ya kituo, ile ya tarakimu tano ya orodha kuu ya Wizara. Sista aliichapa mwenyewe, maana anaijua kuliko namba ya simu yake. Hatukutumia hata KB moja ya data. Kabla ya saa sita, nakala ya akiba ya usiku wa kuamkia radi ilikuwa imerudishwa, na tulichopoteza ni ziara za siku zile tu, zilizokuwa kwenye karatasi.

Kuna wanaoniambia kwamba haya yamepitwa na wakati, kwamba kila kitu kitakwenda kwenye mtandao, na seva za kwenye kona zitaondoka. Huenda. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba kwa siku kadhaa. Vituo vyenye seva zao chumbani viliendelea kufungua mafaili ya wagonjwa kana kwamba bahari haipo. Kisha tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na wafanyakazi wengi wa miradi ya Ukimwi nchini wakatumwa nyumbani. Miongoni mwao walikuwa watu wa kompyuta. Walioondoka waliondoka na ujuzi wao kichwani, na baadhi ya seva walizoziacha nyuma hakuna anayejua zilijengwaje.

Kwa hiyo siku hizi ISO yenyewe hainisumbui sana. ISO ni mkate, na mkate huchacha. Ubuntu 20.04 niliyoijengea ilikwisha muda wake wa kawaida wa masasisho mwaka 2025, na nimelazimika kujenga upya juu ya 24.04. Kinachonisumbua ni maelezo ya kuupika: mistari ile ya amri, kwa mpangilio wake, pamoja na sababu ya kila mmoja, katika mafaili ya maandishi ambayo mtu mwingine anaweza kuyasoma na kuyaendesha mwenyewe. Nimeyaandika. Yalijaa kurasa kumi na nne nilipoyachapa.

Mwezi uliopita niliwapa kurasa hizo vijana wawili wa mafunzo ya vitendo mjini Migori, nikawaambia wajenge ISO bila kunipigia simu. Nilikaa chumba cha pili nikijifanya nasoma gazeti. Walikwama ukurasa wa tatu. Walikuwa wameingia ndani ya mfumo uliokunjuliwa, wakaamuru Java iwekwe, na mfumo ukalalamika kwamba hauoni vifaa vya mashine wala michakato yake. Nilikwenda nikasoma karatasi yangu mara mbili kabla ya kuelewa. Kabla ya kuingia ndani, kuna folda tatu za kompyuta mwenyeji ambazo lazima uziunganishe na za ndani, na mimi sikuziandika popote. Kwa miaka yote hiyo vidole vyangu vilikuwa vikifanya hivyo bila kuniuliza. Kijana wa kwanza alichukua kalamu akaongeza mistari mitatu pembezoni mwa ukurasa wangu. Wa pili akaniuliza kama ruta yao itaipa anwani mashine mpya kabla au baada ya kufagia ile namba ya kitambulisho. Nikavuta kiti.